Nani ana ufunguo wa ukumbi?

Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa Kavimvira, mji wa Uvira

 

Kabla ya kuanza tujibu swali moja. Tangu tulipotangaza mada ya leo, limezunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Maji ya robine inakuja siku inapenda, barabara ni mashimo mutupu, bashomeri ni bengi, na nyinyi munatuletea mambo ya teatri na miziki ya zamani?" Swali ni la haki. Sisi wenyewe ni mashomeri. Lisanse zetu zimelala ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Hatukuja kuwachezesha.

Jibu letu ni hili. Kila mara tunapotaka kusema juu ya maji, juu ya barabara, juu ya kazi, kitu cha kwanza tunachotafuta ni mahali pa kukutana. Na hapo njo tunakwama. Tunaomba darasa la shule, tunaambiwa prefe hayupo. Tunaomba ukumbi wa kanisa, tunaulizwa kama tunakuja kusali. Tunaomba buvete, mwenye buvete anauliza kila mtu atakunywa chupa ngapi. Tukikaa chini ya mwembe, kuna mtu anapita na kupiga picha ya nyuso zetu. Mji mkubwa kama huu, mji wa bandari na wa mpaka, lakini kijana asiye na pesa hana mlango hata mmoja wa kubisha.

Mahali pa kuimba na mahali pa kusema ni mahali pamoja. Historia ya kumbi za muziki na michezo katika nchi zetu inaonyesha hilo vizuri kuliko hotuba yoyote. Leo tupite kwenye kumbi chache. Kila tukiingia ukumbi mmoja, tuulize: nani alikuwa na ufunguo?

Ukumbi wa mwenye bia

Tuanze mbali kidogo. Katikati ya karne ya 19, kule London, wenye baa waliona kwamba mteja akisikia wimbo anakaa zaidi, na akikaa zaidi anakunywa zaidi. Wakaongeza chumba nyuma ya baa, wakaweka jukwaa. Usiku mmoja, tiketi moja, unaona mwimbaji, mchekeshaji, mtu wa sarakasi, mchezaji wa dansi. Mmoja wa kumbi hizo, Wilton's, ulifunguliwa 1859 katika mtaa wa wafanyakazi na mabaharia. Baadaye ukawa nyumba ya misheni ya Wamethodisti, kisha ghala la matambara. Miaka ya 1960 ulikuwa karibu kubomolewa. Raia wakapiga kelele, ukapona, na mpaka leo watu wanaingia humo kuona michezo. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Kwetu Kongo hadithi inafanana, lakini ina kidonda cha koloni. Léopoldville ilikuwa miji miwili: mji wa wazungu na site ya Waafrika. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuzungukazunguka katika mji wa wazungu. Kwa hiyo maisha ya usiku yalijengwa ndani ya site, kwenye baa zenye kiwanja cha dansi, mara nyingi bila paa. Mwenye baa alinunua vyombo vya muziki, na wapigaji wengi hawakuwa hata na gita lao. Akikufukuza, unaondoka mikono mitupu.

OK Jazz ya Franco, iliyozaliwa 1956, ilichukua jina lake kutoka baa walimopiga, OK Bar. Fikirieni hilo. Okestra iliyotikisa Afrika nzima kwa zaidi ya miaka thelathini ilianza ikibeba jina la nyumba ya bia. Ufunguo ulikuwa kwa mwenye bia.

Je, ilikuwa vibaya tu? Hapana. Ndani ya baa hizo watu wa makabila mengi walijifunza kucheza pamoja. Vilabu vya wanawake vilichagua nguo na nyimbo zao. Mambo ya siasa yalisemwa kwa mafumbo, ju serikali ya Wabelgiji ilikuwa haisikii vizuri Kilingala cha mtaani. Na Januari 1960, wanasiasa wetu walipokwenda Brussels kwenye meza ya duara kudai uhuru, African Jazz ya Joseph Kabasele ilikwenda nao pamoja na wapigaji wawili wa OK Jazz, na ile nyimbo ya uhuru ambayo babu zetu wote wanaijua ilizaliwa huko. Vijana waliofunzwa na baa za site walifika mpaka kwenye habari za dunia.

Lakini asiye na pesa ya chupa alibaki nje ya ukuta, anasikiliza tu. Wengi wetu tunaijua hiyo nafasi ya nje ya ukuta. Tunaijua sana.

Ukumbi wa Leta

Sasa twende Lubumbashi, ju huko Kiswahili njo lugha ya mji kama hapa kwetu. Miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga teatri kubwa na nzuri katikati ya Elisabethville. Ilijengwa kwa ajili ya wazungu wa mji. Watu wa Kamalondo na wa Kenya walibaki na kumbi zao za site na viwanja. Na huko, bila velvet na bila taa kubwa, kulitokea vikundi vya ajabu. Kimoja kiliitwa Jeunes Comiques de la Kenya, kwa ufupi Jecoke, kutoka komine ya Kenya. Waliimba, walicheza dansi, walichekesha, yote katika onyesho moja. Édouard Masengo, yule mpiga gita ambaye baadaye alijulikana mpaka Nairobi, alipitia humo.

Ile teatri kubwa je? Katanga ilipojitenga 1960, bunge la Katanga likakaa ndani yake. Leo inaitwa Jengo la 30 Juni, na wabunge wa jimbo wamekalia humo. Nyumba ya michezo imekuwa nyumba ya siasa. Msicheke sana, ju wengine watasema haikubadilika.

Kisha ikaja Mobutu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kuliko sisi. Miaka ya 1970 na 1980 nchi nzima iligeuzwa jukwaa moja. Waliita animasyo ya siasa. Wanafunzi, makarani, wafanyakazi wa kampuni, mama wa masoko, wote walipanga mistari, wakavaa pagne yenye picha ya kiongozi, wakaimba na kucheza kumsifu yeye na chama chake, MPR. Mgeni akishuka uwanjani, watoto wamekwisha kusimama juani tangu asubuhi. Ngoma za vijiji vyetu, ngoma za harusi, za mavuno, za matanga, zilibadilishwa maneno. Mahali pa jina la bwana harusi pakawekwa jina la Mzee.

Tufahamiane hapa. Wasanii wa animasyo hawakuwa wabaya. Wengi walikuwa na kipaji kikubwa, na wengine walipata chakula kwa njia hiyo tu. Shida ni kwamba jukwaa lilikuwa moja na mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Na chama kimoja kilipomalizika 1990, yale majukwaa yakaanguka nacho, kwa sababu hayakuwa ya watu. Hakuna aliyelia. Lakini hakuna pia aliyejenga mengine. Yakafuata maporomoko ya 1991 na 1993, kisha vita ya 1996, kisha vita nyingine, na tunajua yaliyobaki.

Katikati ya wakati ule wa chama kimoja kuna jambo la Lubumbashi ambalo linatutia moyo. Kulikuwa na kikundi cha teatri cha Kiswahili cha Mufwankolo. Watu waliwafuata kwenye redio na televisheni. Mwaka 1986, mwanaanthropolojia mmoja, Johannes Fabian, aliwauliza maana ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima. Hawakumjibu kwa maelezo. Walisema: tutakuonyesha. Wakakaa, wakajadiliana kwa Kiswahili chao cha kila siku, wakatunga mchezo wa kijiji na mkubwa wake bila kuandika neno kwa neno, kila mmoja akileta alichokijua kuhusu wakubwa. Mbele ya utawala ule ule wa chama kimoja, wachekeshaji walikaa wakafikiri kwa sauti juu ya kula mamlaka. Fabian aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Sisi tunajifunza kitu kimoja tu: mazoezi yenyewe yalikuwa mkutano wa raia.

Ukumbi uliojengwa na watu wenyewe

Sasa Kenya. Tutakaa hapa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa njo kuna moyo wa maneno yetu.

Nairobi ina Kenya National Theatre, iliyofunguliwa 1952, mwaka ule ule serikali ya koloni ilipotangaza hali ya hatari na kuanza kukamata watu kwa maelfu. Uhuru ukaja 1963. Jina lilikuwa la taifa, lakini kalenda ya ukumbi iliendelea kujaa maonyesho ya wageni. Mwaka 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walitaka kuonyesha humo mchezo wao juu ya Dedan Kimathi, aliyepigana na Waingereza. Walipewa siku chache tu. Ukumbi ulikuwa umekwisha kupangiwa ballet kutoka Ufaransa na mchezo mmoja wa muziki wa kuchekesha kutoka Marekani. Ukumbi wa taifa, na mchezo wa shujaa wa taifa unabanwa katikati kama abiria wa nne kwenye kiti cha nyuma cha taksi.

Ngũgĩ hakubaki kulalamika mlangoni. Kijijini Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, kulikuwa na kituo cha watu cha elimu na utamaduni. Wakaaji wake walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na mashomeri kama sisi. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, wenye nyimbo na ngoma nyingi. Wanakijiji waliusahihisha. Walisema: mzee haongei hivi, wimbo huu hauimbwi hivi, mshahara wa kibarua haukuwa huo. Kisha walijenga ukumbi wao wenyewe, kwa mikono yao, bila paa, jukwaa na viti vya kupanda ngazi, nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili. Hakuna fungu la serikali. Hakuna mfadhili mwenye bango lake mlangoni.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa mabasi kutoka mbali. Tarehe 16 Novemba 1977 serikali ilifuta ruhusa. Wiki sita tu. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akafungwa karibu mwaka mzima bila kuhukumiwa. Alikuwa amekwisha kuandika vitabu vikali kwa Kiingereza na hakufungwa. Alifungwa mwaka ule alipoingia na wanakijiji katika ukumbi wao, kwa lugha yao.

Hawakuacha. Mwaka 1982 walitayarisha mchezo mwingine, mchezo wa muziki hasa, Maitũ Njugĩra, na wakaomba National Theatre. Siku ilipofika, walikuta milango imefungwa na polisi wapo. Wakahamia chuo kikuu cha Nairobi, wakaendelea na mazoezi tu, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi. Mazoezi nayo yakazuiwa. Machi 1982 kituo cha Kamĩrĩĩthũ kilipigwa marufuku, polisi wakaenda kijijini na malori, wakabomoa ule ukumbi mpaka chini.

Ulikuwa ukumbi wa miti na udongo. Hakukuwa na bunduki ndani. Kwa nini serikali nzima yenye jeshi iogope ngazi za kukalia? Kwa sababu waliokaa pale walijifunza kwamba wanaweza kupanga jambo kubwa wao wenyewe na likafaulu. Mtu akishajifunza hilo, hutamrudisha nyuma kwa urahisi. Ngũgĩ aliishi uhamishoni miaka mingi na alifariki Mei 2025. Lakini Mei 2022 mchezo ule wa kwanza ulirudi Kenya ukaonyeshwa Nairobi, katika National Theatre hiyo hiyo. Ilichukua miaka 45. Watu wazima walikwenda na watoto wao.

Bei iliyolipwa Kampala

Kuna ambao hawakupata kurudi. Kampala ina ukumbi wa taifa uliofunguliwa 1959. Wakati wa Idi Amin, aliyeuongoza upande wa sanaa alikuwa Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo ya muziki kwa Kiganda. Mchezo wake wa Wankoko, wimbo wa jogoo, ulichaguliwa kwenda kwenye tamasha kubwa la Waafrika la FESTAC, Lagos, mapema 1977. Uganda ilijivunia. Aliporudi alikamatwa na watu wa serikali, akauawa mwaka huo huo. Mwaka huo huo wa Kamĩrĩĩthũ, upande wa pili wa mpaka.

Tunalisema hili polepole, kwa heshima. Tunalisema pia kwa sababu hapa Kivu hatuwezi kudai kwamba hayo ni mambo ya zamani. Delcat Idengo, mwimbaji aliyefungwa kwa ajili ya nyimbo zake, aliuawa Goma Februari 2025. Na Novemba 2021 tume ya kukagua nyimbo, kule Kinshasa, ilipiga marufuku nyimbo kadhaa kwa siku moja, mpaka raia walipopiga kelele na wimbo mmojawapo ukafunguliwa. Wakubwa wanajua nguvu ya wimbo. Sisi wakati mwingine tunaisahau.

Kumbi za Dar es Salaam, na kilichozimaliza

Kila ukumbi haukufa kwa nguvu ya polisi. Tuseme ukweli wote.

Miaka ya 1980 Dar es Salaam ilikuwa na maonyesho ambayo kijana wa leo hawezi kuyaamini. Vikundi kama Muungano vilikodi kumbi za Vijana Kinondoni, DDC Kariakoo na nyinginezo. Kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma za makabila, sarakasi, vichekesho, kwaya, mchezo wa kuigiza na taarabu, mpaka usiku wa manane. Watu wa kawaida ndio waliojaza: mama ntilie, dereva, karani, mpagazi. Wanawake walikwenda mbele kutunza, noti mkononi, wakati mstari wa wimbo umemgusa jirani fulani. Mchekeshaji alisema juu ya foleni za sukari, na ukumbi wote ulielewa. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa Tanzania, chama kinachotawala kikawa na kikundi chake, TOT, chini ya John Komba. Muungano na TOT walishindana kwa mipasho, Nasma Khamis huku, Khadija Kopa kule, na mji ukagawanyika kama siku ya mechi ya Simba na Yanga.

Leo maonyesho ya namna ile yamepungua sana. Video ilikuja, televisheni ikaja, kisha simu. Taarabu peke yake ilileta pesa zaidi, basi vichekesho na michezo vikakatwa. Ardhi ya mjini ikapanda bei. Kwetu Kongo pia, kumbi za sinema za Kinshasa nyingi zimekuwa makanisa. Hatuna ugomvi na sala. Tunasema tu kwamba kanisa linakuja na pesa ya kukodi kila mwezi, na kikundi cha vijana hakiji nayo. Ukumbi usipolindwa na raia, unakwenda kwa mwenye pesa, hata bila polisi kuvunja mlango.

Na Wilton's je, ile ya London tuliyosema mwanzo? Haikupona kwa sababu London ni tajiri. Serikali ya mji njo ilitaka ibomolewe mtaa ujengwe upya. Ilipona kwa sababu watu waliandika, wakahesabu thamani yake, wakakataa, na wengine wakaendelea kuitumia hata ikiwa imebomoka nusu.

Na sisi hapa Kavimvira

Usiku, tukikaa pwani, tunaona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Mwenye karatasi na pesa anavuka mpaka hapa kwetu, anapita Gatumba, anakwenda kuona konseri. Asiyekuwa navyo anabaki na spika ya buvete. Vipaji havikosekani. Kuna vijana hapa wanaotunga kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru, kwa Kivira, kwa Kibembe. Kuna kwaya zinazoimba kwa sauti nne bila piano. Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika ikachukua nyumba na watu, nyimbo za kulilia wafu zilitungwa hapa katika wiki hiyo hiyo. Nani alizirekodi? Nani ana maneno yake leo?

Wengine watasema: subirini amani kwanza. Tunawajibu kwa mfano wa Goma. Tamasha la Amani lilipangwa kwa 2013, vita ikalisukuma. Februari 2014 likafanyika, na lilifanyika wapi? Ndani ya uwanja wa shule, Collège Mwanga. Hawakungoja ijengwe teatri ya mamilioni. Kulikuwa na uwanja, ukuta, mlango, na mtu aliyekubali kuufungua.

Kwa hiyo leo hatuombi jumba. Tunaomba ufunguo, na tunasema wazi namna gani.

Kwa ofisi ya mji na ya komine: toeni orodha ya kumbi na viwanja vyote vya umma vilivyobaki, mbandike ukutani, watu wasome. Kila ukumbi uwe na bei moja iliyoandikwa, ile ile kwa chama, kwa kanisa, kwa harusi na kwa vijana, na risiti itolewe. Kiwanja cha umma kilichouzwa kimya kimya, tunataka kujua kiliuzwa kwa nani.

Kwa wakuu wa shule: tupeni Jumamosi mchana. Sisi tutafagia kabla na baada. Benchi ikivunjika tunalipa, na majina ya watakaolipa tutayaandika kabla ya kuingia. Hatutaki mtu atuamini bure.

Kwa dada zetu: tunajua kwa nini wengi wenu hamji. Ukumbi unaoisha saa nne ya usiku kwenye avenyi isiyo na taa si ukumbi wa msichana. Kila onyesho letu litaisha jua likiwa bado liko juu ya ziwa, na nusu ya kamati ya mlango itakuwa wasichana. Wao njo watakuwa na ufunguo.

Kwa wenye usalama: katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 25, inalinda mikutano ya amani bila silaha. Kifungu cha 46 kinalinda haki ya utamaduni na uhuru wa kutunga. Tutaandika barua ya kutoa habari kila mara, na nakala yenye muhuri tutaitunza. Hatuji kuomba huruma.

Na kwenu vijana, kazi ya kwanza haihitaji ruhusa ya mtu. Wiki hii kila mmoja aende kwa mzee mmoja, babu, shangazi, jirani aliyewahi kupiga gita, aliyewahi kuchezeshwa animasyo, aliyewahi kuuza tiketi mlangoni. Muulize: hapa Uvira mulikuwa munachezea wapi? Nani alikuwa mwenye nyumba? Muliingia kwa bei gani? Nani hakuruhusiwa kuingia? Nyumba hiyo leo iko nini? Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Usimkatize. Andika tarehe na mtaa. Dakika kumi zinatosha. Tukipata wazee hamsini, tutakuwa na ramani ya kumbi za mji wetu ambayo hakuna ofisi inayo. Na siku tutakayokwenda kwa meya tutakwenda na ramani mkononi. Mtu akisema "hapa hakujawahi kuwa na kitu kama hicho", tutamwekea sauti ya nyanya yake.

Tuna njaa ya kazi, ni kweli. Lakini kumbukeni wale wa Kamĩrĩĩthũ. Walikuwa vibarua na mashomeri, walijenga viti vya watu elfu mbili kabla ya mtu yeyote kuwapa kazi, na wakati wa kujenga walijifunza kuhesabu pesa mbele ya wote, kugawana kazi, kusahihishana bila kupigana. Kikundi kinachoweza kufungua ukumbi kwa saa iliyosemwa, kuufunga kwa saa iliyosemwa na kuonyesha daftari la pesa, kinaweza pia kusimamia robine ya mtaa na kumuuliza meya hesabu ya kodi. Tusijidanganye, ni kazi ngumu. Lakini ni kazi ambayo hakuna anayeweza kutunyima barua ya kuianza.

Jumamosi ijayo, saa nane ya mchana, tunakutana tena hapa hapa. Mje na rekodi zenu. Asiye na simu aje na daftari. Asiye na daftari aje na mzee mwenyewe, kiti tutamtafutia.

 Sasa mikrofono ni yenu.